Vichupa vya Baba Mkwe

Jumatatu, 8 Mei 1995

Leo nimekabidhiwa hadubini moja, vichupa sitini na mavi ya mbega wote wa msitu wa Mbizi. Neno lenyewe naliandika humu bila haya, maana daftari halina ukwe na mtu.

Dokta Flavian amerudi Dar es Salaam, chuo kikuu. Ni mzaliwa wa Muze, ila amekaa Ulaya mpaka anaona baridi ya Sumbawanga ni ya kawaida. Anachotafuta ni bakteria wanaoishi tumboni mwa mbega wekundu. Mbega anakula majani matupu, na bakteria ndio wanaomyeyushia. Dokta anasema nusu yao hakuna mtu aliyewahi kuwaona wala kuwapa jina. Kazi yangu ni kupokea kinyesi kibichi, kukiotesha kwenye sahani ndogo zenye chakula cha bakteria, kuwatenga bakteria aina moja moja na kuwapima. Mwishoni mwa Agosti atakuja kuwachukua, awapeleke kwenye maabara kubwa.

Kanichagua mimi, Emerensiana, fundi wa maabara mwenye uzoefu wa miaka kumi na miwili, mtaalamu wa minyoo na malaria. Wenzangu wawili walipunguzwa kazi mwaka jana, nikabaki peke yangu, kwa hiyo sijui alikuwa na nani mwingine wa kumchagua. Akiwa mlangoni akasema, "Ukipata hata mmoja ambaye hayumo kitabuni, jina lako litakuwa kwenye andiko la utafiti pamoja na langu." Nikajifanya naweka vichupa vizuri. Nilisikia vizuri sana. Kesho nzima sitawaza kingine.

Ijumaa, 12 Mei

Nimeuliza watu watano ni nani anajua mbega wa Mbizi wanalala wapi na wanaamka saa ngapi. Wote watano wamenitajia jina moja: Mzee Isdori. Zamani alikuwa mwindaji, na familia za mbega anazijua kuliko anavyojua jumuiya yake ya kanisani.

Tatizo ni kwamba Mzee Isdori ndiye baba yake Steven, mume wangu. Naye Steven yuko Laela tangu mavuno yaanze, anapima mahindi kwa mfanyabiashara mmoja wa malori. Nimebaki mimi na wakwe zangu.

Na nyumba ya wakwe zangu ina heshima zake. Baba namsalimia nikiwa nimepiga magoti, macho chini. Sikai naye benchi moja, simpi kitu mkononi. Kikitakiwa kitu, nakiweka juu ya kigoda karibu na mlango wa ghala, naondoka, ndipo anakichukua. Mambo ya tumbo, choo na ugonjwa wa chini ya kiuno hayatajwi kati yetu kabisa. Sasa niambie, daftari, naanzaje?

Jumapili, 14 Mei

Nimeanza kwa mama mkwe. Baada ya misa nilimfuata jikoni, nikamweleza yote. Mama Kristiana aliweka mwiko chini akacheka mpaka akajifuta machozi na kanga.

"Sasa mimi nikamwambie mzee nini? Kwamba mke wa Steven anataka mavi?"

"Mwambie vitu vya mbega, Mama. Atajua. Mwambie asivishike kwa mkono, avichote na kijiti, atie kichupani mara moja, afunge. Na asiongeze chochote."

"Nitamwambia," akasema, akarudi kucheka.

Jumanne, 16 Mei

Kikapu cha kwanza kimekuja. Kilikuwa juu ya kigoda saa tatu asubuhi, vichupa sita, kila kimoja kimeviringishwa kwenye jani na kufungwa uzi. Uzi mwekundu familia ya bondeni, mweupe familia ya juu. Dokta mwenyewe hakuwaza hilo. Nikasema "Asante, Baba" nikiutazama ukuta wa ghala, na nyuma yangu nikasikia mtu anakohoa kwa kuridhika.

Alhamisi, 18 Mei

Umeme hakuna. Kabati la joto la kuoteshea bakteria nimeliwashia taa ya mafuta.

Jumatano, 24 Mei

Vinyesi vya mbega havinuki kama nilivyodhani. Vina harufu ya uchachuuchachu, karibu ya kupendeza, na vina chembe ndogo za kahawia. Nimeandika: mbegu za matunda ya porini.

Jumamosi, 3 Juni

Nimempata mmoja.

Kwenye sahani zote za wiki hii kuna koloni, yaani makundi ya bakteria, nyeupe, za mviringo, zinang'aa. Nimezipaka rangi, nikaziweka chini ya hadubini: vijiti vifupi vinene, viwili viwili. Nimevipa sukari za aina kumi na moja na vimekula tisa. Nimepekua kitabu changu chote, kurasa zote mia tatu, na hakuna anayefanana naye. Kitabu changu ni cha magonjwa ya binadamu, najua, sijalewa. Lakini yumo kwenye familia ya bondeni na ya juu, na amejaa. Nimemwita Kibonge mpaka apate jina la kitaalamu.

Nimeandika barua kwa Dokta na kuipeleka posta kwa miguu yangu.

Jumatatu, 12 Juni

Upepo wa leo unakata masikio. Nimenunua sweta la mitumba la mwanaume, linanifika magotini.

Alhamisi, 22 Juni

Baba analeta vikapu Jumanne na Ijumaa, hajakosa hata siku moja. Mama ananiambia anaamka gizani, anakwenda kukaa chini ya miti akisubiri mbega waamke, kwa sababu wakiamka tu ndipo wanaangusha. Mtu wa miaka sitini na nane, kwenye umande wa Mbizi. Zamani nilimwona ni mzee mkali asiyenipenda, maana miaka minane sasa sijamsikia akiniambia maneno zaidi ya kumi. Siku hizi kila nikifungua uzi mmoja wa kichupa naona vidole vyake vilivyoufunga. Nadhani nilikosea.

Ijumaa, 30 Juni

Barua ya Dokta. Amefurahi hata mwandiko umepinda. Anasema ameshawaambia wenzake wa Ulaya kwamba kuna bakteria mpya kwa mbega wa Ufipa, na aliyemwona ni "mwenzangu Emerensiana". Mwenzangu. Nimeisoma mara nne, ya tano nikamsomea mwanangu Coleta wa miaka sita, akaniuliza kama tunapata baiskeli.

Jumanne, 11 Julai

Kigoda kitupu. Mama anasema Baba ameteleza kwenye mawe, goti limevimba, hatakwenda msituni kwa wiki tatu. Kupitia kwa Mama ameomba radhi, kana kwamba goti ni langu.

Ijumaa, 14 Julai

Nimekwenda mwenyewe, na Mama Kristiana kanisindikiza. Tulikaa kwenye umande, magunia mabegani, tukisubiri. Mama hakuacha kuongea, mpaka mbega wakatukodolea macho kutoka juu. Walipoangusha nilikimbia na kijiti changu, nikachota, nikafunga kichupa kabla kinyesi hakijapoa. Sita. Nina furaha, na nina mafua.

Ijumaa, 21 Julai

Kibonge hayumo.

Nimefungua mtungi usiopitisha hewa ninamooteshea sahani, nikatazama sahani zote sita za Ijumaa iliyopita. Hayumo hata kwenye moja. Kuna vitu vingine vidogo, vimekonda, sikuvijali. Nimerudisha mtungini. Labda sahani zilikuwa mbaya.

Jumamosi, 22 Julai

Nimefungua tena. Hayumo.

Jumapili, 23 Julai

Nimefungua baada ya misa. Hayumo. Nimemgombeza Coleta bila sababu.

Jumanne, 25 Julai

Tumekwenda tena mimi na Mama, familia ya juu safari hii. Vichupa sita vingine. Sahani zake naziacha siku saba bila kugusa, hata nikifa.

Alhamisi, 27 Julai

Sikufa, lakini nimegusa.

Jumanne, 1 Agosti

Hayumo. Vichupa thelathini na viwili alivyoleta Baba, Kibonge yumo kwenye vyote. Kumi na viwili nilivyochukua mimi, hayumo kwenye hata kimoja. Mbega ni wale wale, msitu ni ule ule, chakula cha sahani nimekipika mimi kwenye sufuria ile ile. Kilichobadilika ni mkono unaochota.

Najua ninachotakiwa kufanya. Inabidi nimuulize baba mkwe wangu alikuwa anafanya nini na mavi.

Alhamisi, 3 Agosti

Naandika yote, maana siku kama hii sitaipata tena.

Nilifika nyumbani saa kumi jioni. Baba alikuwa amekaa uani kwenye jua, mguu juu ya gogo. Nikapiga magoti nikamsalimia, nikaingia jikoni kwa Mama, nikamweleza. Tukakubaliana nikae ndani, nyuma ya mlango, yeye akae kizingitini, swali lipite kwake.

"Mzee," Mama akaanza, "mama Coleta anauliza, vile vitu vya mbega ulikuwa unavichukuaje?"

"Kama nilivyoambiwa. Kwa kijiti."

"Halafu?"

"Halafu natia kichupani."

Nikamnong'oneza Mama: muulize kama alikuwa anaongeza kitu. Mama akauliza. Kuku wakapita. Nikasikia Baba anahamisha mguu wake kwenye gogo.

"Unga," akasema.

"Unga gani?"

"Wa kimea. Kimea chako cha ulezi. Nilikuwa nabeba kidogo kwenye mfuko, nikishatia kile kitu namwagia juu, nakorogea na kijiti, ndipo nafunga."

Mama aligeuka akaniangalia. Mimi nilikuwa nimeshakaa sakafuni. Kimea ni ulezi ulioota, ukakaushwa na kusagwa, ndicho kinachochachusha pombe ya nyumba hii tangu kabla sijaolewa. Zile mbegu zangu za matunda ya porini. Ile harufu ya karibu kupendeza.

"Lakini nilikuambia usiongeze chochote," Mama akasema.

"Ulisema nisiongeze kitu. Nikaelewa nisiongeze uchafu. Unga si uchafu." Sauti yake ikashuka. "Kristiana, yule ni mke wa mwanangu. Ningempaje mavi matupu? Kila wiki, kwenye kikapu, mara mbili? Mtu wa heshima vile. Nilifunika kidogo, yasimkere."

Alidhani sisikii, au alijua nasikia, sijui mpaka sasa. Nilijifunika uso na kanga. Niliona hasira, niliona aibu ya ile barua iliyokwisha kufika Ulaya, na chini ya vyote hivyo kulikuwa na mapenzi makubwa. Kwa wiki nane mzee huyu alikuwa amekaa kwenye umande akinipambia mavi.

Makosa ni yangu. Miezi miwili sikwenda msituni hata siku moja kutazama kazi inafanyikaje, kwa kuwa nisingeweza kusimama karibu naye akichota. Nikaiachia adabu ifanye kazi ya fundi wa maabara.

Mama aliniuliza amjibu nini mzee. Nikasema, mwambie asante.

Jumamosi, 5 Agosti

Nimeomba kijiko kimoja cha kimea cha Mama, nimekiotesha.

Jumanne, 8 Agosti

Kibonge amejaa sahani nzima. Hajawahi kuingia tumboni mwa mbega, yeye ni wa kwenye chungu.

Nimemwandikia Dokta ukweli wote, pamoja na unga. Nilichana karatasi tatu kwanza. Kwenye moja niliandika "kuna hitilafu ndogo". Haikuwa ndogo, na ningemfanya adhihakiwe mbele ya wenzake kwa ajili ya jina langu kukaa kwenye andiko. Iliyokwenda inasema: "Bakteria yule si wa mbega. Ni wa pombe ya mama mkwe wangu. Kosa ni langu."

Jumapili, 13 Agosti

Steven kaja kutoka Laela kwa siku moja. Nilipomsimulia alicheka mpaka akalala chini, halafu akasema baba yake hakuwahi kumfunikia yeye kitu chochote maishani.

Jumatatu, 21 Agosti

Dokta amefika. Nilijiandaa kwa maneno makali. Akakaa, akavua kofia, akasema wenzake wa Ulaya walipopata habari walimwuliza kama pombe yenyewe ni nzuri. Basi. Akaomba sahani za vichupa nilivyochota mimi mwenyewe, zile za Julai.

Alizitazama muda mrefu. "Na hawa?" akauliza.

Ni wale wadogo waliokonda. Nikamwambia sikuwajali, nilikuwa namtafuta Kibonge. Akawapaka rangi, akaniita hadubinini: nyuzi nyembamba zilizojikunja. Akafungua kitabu chake kikubwa, yeye upande mmoja, mimi upande wa pili. Saa mbili nzima tumepekua. Hakuna aliyefanana nao.

Tukajaribu kuwaotesha upya, lakini wamekufa. Hawa hewa inawaua. Nilipokuwa nafungua mtungi kila siku kutazama kama Kibonge amefika, nilikuwa nawaua mmoja mmoja. Na kwenye vichupa vya Baba hawakuonekana kabisa, maana akikoroga unga hewa ilikuwa inaingia.

Dokta anaondoka tarehe mbili Septemba. Wanahitaji siku saba kuota. Ana vichupa vitano tu vilivyojazwa gesi isiyo na hewa ya kawaida, na kinyesi kinatakiwa kiingie humo ndani ya dakika moja baada ya kudondoka.

"Anatakiwa mtu wa kuona nani anaangusha na wapi, aite papo hapo," akasema, "na wewe ukae tayari na kichupa. Yupo?"

Yupo, lakini ni baba mkwe wangu. Inabidi asimame hatua tano kutoka kwangu, na aite.

Jumanne, 22 Agosti

Mama kapeleka swali. Jibu limerudi: goti limepona, twende Alhamisi.

Jumatano, 23 Agosti

Moshi upande wa Muze, watu wanachoma mashamba. Sijaweza kula.

Alhamisi, 24 Agosti

Tulipanda watatu: Baba mbele na fimbo, Dokta katikati, mimi nyuma kabisa. Baba hakugeuka hata mara moja. Tulipofika chini ya miti ya familia ya bondeni kulikuwa bado baridi na weupe ndio kwanza unaingia. Baba akamwonyesha Dokta pa kusimama, mimi nikajichagulia pangu, mbali.

Mbega waliamka, wakajinyoosha. Wa kwanza akaangusha. Baba alikohoa. Nikatazama huku na huku, Dokta akatazama huku na huku, tulipokiona kile kitu dakika ilikuwa imepita. Wa pili akaangusha. Baba alikohoa tena, akaonyesha kwa fimbo huku ameangalia pembeni. Nikakimbia upande usio wenyewe, nikajikwaa kwenye mzizi nikaanguka, kichupa kikapasuka. Vikabaki vinne.

Niliinuka, goti linatoka damu. Dokta alikuwa anatazama saa yake. Nikajiambia basi, yamekwisha, familia ikishahama mti haiangushi tena mpaka jioni.

Ndipo Baba akatupa fimbo chini. Akaja, akasimama karibu yangu kuliko alivyowahi kusimama tangu niolewe, nikaona mvi za kidevu chake. Akainua uso juu ya mti, mkono umenyooka.

"Mama Coleta," akaita kwa sauti ya mtu anayefukuza nyani shambani, "mavi! Hapo, kushoto kwako, chini ya jani pana, mavi haya, chota!"

Nikachota. Nikafunga.

"Mengine! Nyuma yako, yule mama mwenye mtoto, anakunya sasa hivi, subiri, subiri, haya!"

Nikachota. Vinne vyote vilijaa kabla jua halijagusa shina la mti. Mara ya mwisho yeye mwenyewe aliinama na kunishikia kizibo, na kizibo kikatoka mkononi mwake kikaingia mkononi mwangu. Dokta alikuwa anaandika saa na nyakati, hakujua alichokiona.

Kurudi, Baba alitembea mbele tena bila kugeuka. Ila alikwenda polepole, kwa ajili ya goti langu.

Alhamisi, 31 Agosti

Siku saba, sikugusa. Dokta ndiye aliyefungua. Wale wembamba wamo kwenye vichupa vitatu kati ya vinne. Sukari walizokula na walizokataa tumezilinganisha na kitabu kikubwa mara mbili, tukianza mwanzo, tukianza mwisho. Hawamo. Dokta anasema Ulaya watapima zaidi kabla ya kusema neno la mwisho, na inaweza kuchukua mwaka. Nikamwambia mwaka nitausubiri. Kwenye fomu, palipoandikwa mkusanyaji, nimeandika Isdori, nikageuza karatasi Dokta aone, akaweka sahihi.

Jumapili, 3 Septemba

Dokta ameondoka jana. Leo baada ya misa watu walisimama uwanjani kuota jua, nami nilikuwa na wanawake, upande wa pili. Katekista Fransisko akamuuliza Baba kwa sauti, "Mzee Isdori, huyu mkwe wako hasa anafanya kazi gani? Maana tunamwona na vikapu tu."

Miaka yote akiulizwa hivyo hujibu, "Yuko serikalini," anabadilisha mazungumzo. Leo alijitengeneza koti kwanza.

"Anachunguza mavi ya mbega," akasema, uwanja mzima ukasikia, mpaka na masista. "Humo ndani kuna viumbe ambavyo hata wazungu hawajaviona. Yeye kaviona. Na mavi namletea mimi."

Wanawake wote wakanigeukia. Nikainamisha macho chini kama inavyonipasa, na kanga nikaiuma kwa meno nisicheke kwa sauti.